Mistari ya Koridoni

Saa kumi na mbili na nusu, jua halijapanda mawe ya Bugarika,
Wande anaegemeza simu kwenye chupa ya chai,
anaifuta vumbi kwa pindo la kanga,
anasema, "Mwalimu wako huyo."
Mwalimu ana sauti ya asali na hajui jina langu.
"Nyanyua mikono. Juu. Juu zaidi. Kubwa!"
Nanyanyua. Wa kulia unafika begani,
wa kushoto unaanza safari, unasahau ulikotumwa.
"Vizuri sana!" anasema mwalimu.
Angesema hivyo hata ningekuwa nimelala.

Miaka thelathini na mmoja niliandika majina ya mitumbwi
pale Mwaloni, kwa brashi ya manyoya na rangi ya mafuta:
SUBIRA YA MAMA. DENI HALINA USINGIZI. TUTAONANA JIONI.
Herufi zangu zilisomeka toka mbali, hata ziwa likichafuka.
Kisha zikaanza kunywea.
M ikawa kisiki, S ikawa funza.
Bahebe, mwenye mtumbwi, akaniambia kwa upole uliouma:
"Fundi, jina langu sasa ni la kusomwa na dagaa."

Jirani alisema nimerogwa.
Shemeji alisema ni gongo, nami hata togwa ikichacha siigusi.
Daktari wa Bugando alinitembeza mara mbili,
akautazama mkono mmoja usiopunga,
akaandika jina la Mzungu aliyekufa zamani,
Parkinson,
na tangu siku hiyo nalala naye chumba kimoja.
Nikapewa vidonge. Shija, kutoka Geita,
akaniwekea mazoezi ndani ya simu, na bando la mwezi.

Jana zoezi lilikuwa kugonga duara kwa kidole, haraka uwezavyo.
Mkono ukatetemeka wenyewe juu ya kioo.
Mia mbili na kumi na nne!
Simu ikamwaga vikaratasi vya sherehe,
ikatangaza nimevuka lengo la wiki.
Wande alicheka mpaka akashika ukuta.
Nami nikacheka, nusu uso;
nusu ya pili siku hizi huchelewa kupata habari.

Ila mlango.
Nikifika kizingitini nyayo zinaota mizizi.
Kichwa kinasema twende, miguu inauliza nani kasema.
Naweza kusimama pale mpaka uji ugande.
"Chora mistari sakafuni," alisema mwalimu. "Usitembee. Vuka."

Basi leo nimemtuma Mbuke, mjukuu, uvunguni
alete kopo la rangi nyeupe, masalio ya SUBIRA YA MAMA.
Nikapiga magoti, Wande akinishikilia kwapani.
Mistari tisa, toka kitandani hadi uani,
na hakuna hata mmoja ulionyooka.
Wa nne una vikunjo kama maji upepo ukitoka Ukerewe.
Zamani ningeufuta kwa mafuta ya taa
kabla mtu hajauona.

Nikainuliwa. Simu kwenye chupa, mwalimu ndani ya simu.
"Hatua kubwa. Kubwa za—"
Bando likakata.

Kimya. Bomba la jirani likitiririka ndooni.
Mimi na mstari wa kwanza tukitazamana.

"Zaidi," alisema Wande nyuma yangu.
"Kubwa zaidi, Malimi. Unangoja nini, usomewe risala?"
Sauti yenye kikohozi na moshi wa kuni.

Nikavuka mmoja.
Nikavuka wa pili, kisigino kwanza, kama alivyofundisha yule wa asali.
Wa nne ukanishika, nikauruka kama mtaro wa masika.
Mbuke alikuwa anahesabu kwa Kisukuma, akakosea, akaanza upya.
Mlango sikumbuki kuuona.
Nilishtukia kuku, kamba ya nguo,
na chini kabisa, katikati ya mabati, kipande cha ziwa.

Rangi ilikuwa haijakauka.
Sasa pale uani, juu ya saruji,
kuna unyayo mmoja mweupe, mkubwa,
na Wande anauliza nani atausugua.